Benchi la Shangazi

Shangazi yangu ni mwalimu wa malezi katika shule ya kutwa yenye wanafunzi wengi kuliko madawati. Ofisi yake ilikuwa stoo zamani. Humo mna meza, dirisha lisilofunga vizuri, na benchi refu ambalo fundi aliliwekea miguu karibu mno na katikati. Wakikaa wawili, kila mmoja nchani kwake, limetulia. Mmoja akiinuka ghafla, mwenzake yuko chini. Wanafunzi wanaogombana huketishwa hapo, na amri ni moja tu: kabla hujainuka, mwambie mwenzako. Walimu huliita benchi la wachumba.

Siku niliyompelekea chakula, shule nzima ilikuwa imeshika pumzi. Wasichana wawili wa kidato cha tatu, marafiki tangu utotoni, walikuwa wamefarakana. Ilisemekana yule mrefu ana wembe na kengele ya kutoka ikilia atamchana mwenzake uso. Mikoba ilipekuliwa, wembe haukuonekana. Mkuu wa shule akaamua wote wawili wafukuzwe. Shangazi akamwomba amwachie wasichana hao kwanza.

"Dada, benchi si mpango wa usalama," mkuu alimwambia.

"Ukiwafukuza, wembe utatoka nao getini. Halafu?"

Mkuu akaondoka.

Shangazi akawaketisha kwenye benchi, kila mmoja nchani kwake, akasahihisha madaftari kana kwamba wale hawapo. Mrefu alitazama ukuta. Mfupi, midomo imemkauka, alitazama dirisha. Jua lilihama sakafuni, likapanda ukutani, na hakuna aliyekohoa. Nikaanza kuamini kuwa mkuu alikuwa sahihi. Hatimaye mrefu akajisogeza, akatulia, akajisogeza tena.

"Nataka kusimama," akasema, macho ukutani.

"Simama. Nani kakushika?" mfupi akajibu.

"Utaanguka."

Kalamu ya shangazi ikakwama hewani. Kinywa kilekile kilichoapa kumwaga damu sasa kiliogopa mtu asiumie kiuno. Mfupi akageuka, akamtazama mwenzake.

"Basi tuinuke wote."

Wakainuka. Mrefu akavua kiatu, akafunua soli ya ndani, akatoa wembe uliofungwa ndani ya karatasi na kuuweka mezani. Shangazi hakuugusa. Machozi yalikuwa yakimtiririka tu.

Mfupi alikuwa amepiga magoti, akimfunga mwenzake kamba za kiatu.