Wimbo wa Wanaume Wanne wa Kisimani

Habibo aliuza maziwa ya ngamia mjini Garissa, na harusi haikunoga asipokuwepo kuimba. Mwaka 1966, askari wa serikali waliokuwa wakisaka mashifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, waliwakuta wanaume wanne wakinywesha ngamia kisimani. Hawakuwa na silaha. Walipigwa risasi wote, wakiwemo Dagane, mume wa Habibo, na Nuh, kaka yake Habibo. Serikali ikatangaza kwamba mashifta wanne wameuawa.

Akiwa amekaa eda, Habibo alitunga buraanbur, ushairi unaoimbwa na wanawake wa Kisomali. Hakumtukana mtu. Aliwataja marehemu mmoja mmoja, na baba zao, kisha akauliza bunduki zao ziko wapi. Haukupita muda, wanawake wakawa wanauimba sokoni.

Akakamatwa, akapelekwa kwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, Kinoti, mtu wa bara asiyejua Kisomali. Mkalimani alikuwa Abdille, wa ukoo wake Habibo.

"Wimbo wake unasema nini?" Kinoti aliuliza.

Abdille alijibu, "Ni wa kubembeleza mtoto, bwana."

Kiswahili cha Habibo kilikuwa cha kuuzia maziwa tu, lakini hilo alilielewa.

"Habana," alisema. "Hii si ya mtoto. Hii ya watu nyinyi naua. Bwana yangu Dagane. Ndugu yangu Nuh."

"Nyamaza, dada," Abdille alimwambia kwa Kisomali. "Nataka kukuokoa."

"Kwa kuwafuta?"

Alifungwa miezi sita. Abdille naye alifukuzwa kazi, na hawakusemezana tena.

Alipotoka, aliwakuta watu wake wamekusanywa na serikali katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, ngamia wengi wamekufa. Wiki hiyo kulikuwa na harusi. Wanawake walianza kuimba na Habibo akayatambua mahadhi: ni yale aliyoyatunga mwenyewe. Maneno ndiyo yaliyokuwa mageni. Walimsifu bibi harusi, nywele zake na ukoo wake. Hakutajwa marehemu hata mmoja.

Alitoka nje. Rafiki yake Amino akamfuata.

"Askari wako langoni, Habibo. Tuna watoto."

"Nuh pia aliacha watoto."

Amino akarudi ndani.

Vita vya mashifta vilipokwisha mwaka uliofuata, watu walimwomba auimbe ule wimbo wa kisimani, maana sasa hapakuwa na hatari. Aliwajibu kwamba ameusahau, akaendelea kupima maziwa.