Tulipomtafuta Kaka kwa Kafi

Baba yangu alizaliwa Kizimkazi, mvuvi mwana wa mvuvi, na mama yangu alizaliwa Makunduchi, katika nyumba ya udongo iliyokuwa karibu na kisima. Majina yao unayajua. Usiyaandike hapa, kwa sababu karatasi hupita katika mikono ya watu, na sipendi jina la maiti lisomwe na mtu asiyemwombea. Mimi sikutia mguu skuli. Kwa hiyo andika nisemavyo, wala usinipambie.

Aliyemzaa mama yako ni kaka yangu. Mimi nimekulea, umeniita babu na nimekuitikia, na hiyo ni haki yangu. Lakini babu yako wa damu ni yeye, na namna tulivyomkosa hujapata kuelezwa yote. Bibi yako hakutaka isemwe akiwa hai. Sasa hayupo, nami sina muda mrefu.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Sultani bado yuko kwenye kiti chake. Kaka alitoka peke yake na ngalawa, msimu wa kusi, kwenda kuinua madema yake ya kutegea samaki nje ya mwamba. Upepo ukazidi. Jioni ngalawa nyingine zilirudi, yake haikurudi. Wanaume wa Makunduchi walimtafuta bahari kuu mpaka matanga yao yakachanika, kisha wakaja kwa baba, wakakaa, wakainamisha vichwa. Baba aliwashukuru, akawaambia, "Nyinyi mshaitafuta bahari. Pwani bado."

Mkondo wetu huvuta kila kitu kwenda kaskazini. Nazi ikianguka majini Makunduchi, huokotwa Uroa au Kiwengwa au Matemwe. Baba alikusudia kuifuata njia ya nazi hiyo, ufuo kwa ufuo, mpaka ampate mwanawe, hai au maiti. Na ulazima ulikuwepo. Mke wa kaka alikuwa na mimba changa. Hakuwa mjane hata akae eda, wala hakuwa na mume wa kumtilia maji ya kuoga. Mama hakukubali matanga yawekwe, na baba hakukubali kumsalia mtu ambaye hana yakini kwamba amekufa. Nyumba nzima ilikuwa imesimama mguu mmoja. Tulichokwenda kutafuta kilikuwa yakini.

Ngalawa yenye tanga ndiyo aliyokwenda nayo kaka. Kilichobaki kilikuwa mtumbwi wa mwembe, mwembamba, wa kuvulia ndani ya mwamba. Baba alikaa nyuma, mimi mbele, kila mmoja na kafi lake, na pondo moja ya kusukumia maji yakipwa. Tulichukua mihogo, mtungi wa maji, na sanda. Sanda aliikunja mama mwenyewe, akaifunga ndani ya mkeka, akampa baba.

Kati ya mwamba na nchi kavu maji ni tulivu hata kusi likivuma, na mtumbwi hupita mahali ambapo ngalawa ingekwama. Tulikwenda polepole, karibu na mchanga. Baba hakutazama maji tu. Alitazama kunguru. Palipo kunguru wengi tulishuka, na kila mara ilikuwa kichwa cha papa, au kamba ya madema, au pweza aliyeachwa na wanawake. Nilikuwa nikitangulia mbio, kisha nikirudi nikimtikisia kichwa.

Jambiani vijana waliokuwa wakitengeneza wavu walituona, wakatupigia kelele za utani, maana Jambiani na Makunduchi ni watani.

"Enyi Wamakunduchi! Mmeuza tanga mkanunua kafi?"

Baba akawajibu hukuhuku anapiga kafi. "Tanga limetangulia. Sie tunalifuata."

Walicheka. Kisha mzee mmoja akawanong'oneza jambo, kicheko kikakatika, na kijana aliyesema akaingia majini mpaka kifuani akatushika ubavu wa mtumbwi. "Nisamehe, mzee wangu. Sikujua. Shukeni mle."

"Tushakula," alisema baba, nasi hatukuwa tumekula.

Paje hawakuona kitu. Bwejuu hawakuona kitu. Michamvi, asubuhi, niliona juu ya mchanga alama ya kitu kilichojiburura kutoka majini, pana kama kifua cha mtu, na kando yake matundu ya viganja, kushoto na kulia, kushoto na kulia. Mimi niliyezaliwa pwani nilisahau kila nilichokijua. Niliruka, nikafuata alama ile nikimwita kaka kwa jina lake, nikapanda nayo mpaka kwenye vichaka. Palikuwa na shimo lililofukiwa vizuri. Ni kasa. Alikuwa amekuja kutaga akarudi zake.

Baba alifika nyuma yangu akatazama lile shimo. Siku nyingine tungefukua mayai tukafurahi. Alisema, "Tusichukue cha mtu. Labda na chetu kiko mbele ya mtu." Akasawazisha mchanga kwa mguu wake ili wengine wasilione.

Ghuba ya Chwaka ilituchosha kuliko pahali popote. Mikoko ya kule ina njia za maji kama vichochoro vya Mjini, na kila kichochoro tulikiingia. Yangeyange waliruka juu yetu makundi kwa makundi, weupe, na kaa walijificha matopeni mtumbwi ukipita. Mvuvi wa Chwaka tuliyekutana naye alimwambia baba kwamba pomboo humsukuma mtu aliyezama mpaka pwani, na kwamba juzi aliwaona pomboo wengi wakielekea Pongwe. Sijui kama ni kweli kwamba pomboo hufanya hivyo. Baba naye hakusema kama anasadiki. Lakini tulikwenda Pongwe.

Na Pongwe tuliuona ubao. Mzee mmoja alikuwa ameuweka mlangoni pake, ameukalia, anasuka kamba ya usumba. Ulikuwa ndubi, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke. Baba alitoa salamu, akaulizwa habari, akajibu nzuri, kama inavyopasa. Kisha akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya ubao, mahali kamba ilipofungiwa. Aliuchonga yeye mwenyewe, na tezo lake lilikuwa na jino lililomeguka, linaloacha mfuo katikati ya kila pigo.

"Mzee mwenzangu," alisema, "kiti chako hiki ni cha mwanangu."

Yule mzee aliinuka kama aliyekalia moto. Alitaka kutupa ubao tuuchukue. Baba alikataa. Alimwambia, "Kalia. Kimepata kazi."

Kutoka hapo tulijua kwamba ngalawa imevunjika, na nilitaraji baba atasema turudi. Ubao ulitosha kwangu. Kwake haukutosha. Alikaza kafi.

Tulifika Matemwe maji yamejaa, adhuhuri. Watu walikuwa wametoka msikitini. Walipojua tunakotoka walitazamana, wakatuongoza kwa mzee mwosha maiti wa pale, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akiota jua na mkewe akimenya muhogo. Akatuambia kwamba bahari ilileta mtu. Walimuosha, wakamsalia, wakamzika katika makaburi yao, na wake zao walimlilia maana hapakuwa na wa kumlilia.

Nilianza kulia palepale. Baba alininyamazisha kwa jicho.

Sasa sikiliza desturi ya watu wale, maana jambo lote limesimama juu yake. Bahari ikileta mgeni, huzikwa, na kitu chake kimoja huwekwa na mwosha. Wanaokuja kuuliza hawaonyeshwi kwanza. Lazima waseme wao mtu wao alikuwa vipi, na mwosha asikilize. Kwani mwosha amefungwa na siri. Alama aliyoiona mwilini haisemi. Na mtu mwenye msiba, akionyeshwa kwanza, kila kitu kitafanana na chake.

"Haya," alisema mwosha. "Mtaje mwanao."

Baba alimtaja. Urefu wake. Kovu la mwiba wa samaki taa kwenye kifundo cha kushoto. Mwosha alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Miguu, samaki walikwishaitangulia. Sema jingine." Baba akasema kwamba kaka alivaa kikoi cheupe chenye ukingo mwekundu na mweusi, kilichonunuliwa Darajani kwa Mhindi, na upindo wake ulishonwa na mkewe.

Mwosha akaingia ndani, akatoka na kipande cha kikoi. Cheupe. Ukingo mwekundu na mweusi.

Nilisema, "Ni yeye, baba."

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza upindo juu, akakisogeza kwenye jua, akatazama muda mrefu. Mke wa kaka alikuwa na shoto. Mama alimgombeza kwa hilo tangu alipoletwa nyumbani, akakata tamaa. Kila alichokishona, mashono yake yalilalia upande usio wa watu wengine. Mashono ya kipande kile yalilala kama ya kila mtu.

"Huyu si mwanangu," alisema baba. "Ni mwana wa mwingine. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Mke wa mwosha aliweka kisu chini. Alikuwa mkali kuliko mumewe. "Mzee wewe, una akili? Umekuja na sanda. Mtu kashazikwa, kashasaliwa. Chukua kitambaa umpelekee huyo mtoto wa watu akae eda yake, ajifungue, aolewe. Nani atakuuliza?"

"Mwenye huyu atakuja."

"Asipokuja?"

"Atakuwa hakuja. Sitalitia jina la mwanangu juu ya mwana wa mtu."

Mimi nilimshika mkono. Nilimwambia kwamba huenda mke wa kaka aliushona upindo ule alipokuwa mgonjwa, au alishonewa na jirani. Nilimwambia ubao tumeuona, na mtu ni yule yule. Nilisema maneno mengi. Baba aliniacha nikamaliza, akamrudishia mwosha kipande, akaomba apelekwe kaburini. Alisimama akamsomea mgeni yule Fatiha. Kisha akaifungua sanda ya mama, akaitoa sadaka kwa maiti wa kwanza atakayehitaji pale kijijini.

Mkewe mwosha alitufungia muhogo, akasema bila ya kututazama, "Wakaidi hula kama watu wengine."

Tulizunguka ncha ya Nungwi, tukashuka upande wa magharibi, Mkokotoni, kando ya magofu ya mawe ambayo watu huyaita nyumba za Wareno, mpaka Mjini. Baba alitaka kumuona kadhi. Tuliufunga mtumbwi Funguni, tukapita vichochoro na suruali zetu zimekauka chumvi, na vijana waliokaa barazani wakasema, "Mashamba yamekuja kutembea." Kadhi alikuwa mtu mpole. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, akamuuliza kama ana yakini, baba akasema ana yakini ya ubao, hana yakini ya mtu. Kadhi akafikiri, akatoa hukumu: mwanamke atasubiri miaka minne, kisha atakaa eda, kisha yuko huru. Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ungesema uliona kaburi, mzee, ningekusadiki."

"Najua," alisema baba.

Njia ya kurudi kusini kusi lilitupiga usoni. Kizimkazi, alikozaliwa, jamaa zake walitaka kusoma khitma katika msikiti wa kale. Aliwazuia. Waliomba dua tu.

Mke wa kaka alikuwa kiwanjani anatwanga tulipofika. Hakuweka mchi chini.

"Mmemuona?"

"Tumeona ubao wake," alisema baba. "Na tumeona mtu, si yeye. Upindo haukuwa wako."

Alitwanga mara kadhaa. "Basi mimi bado mke wa mtu," alisema, akaendelea kutwanga.

Alibaki mke wa mtu miaka ile yote. Alimzaa mama yako pasipo mume wa kumwadhinia, niliadhini mimi. Arusini alikaa nyuma, matangani alikaa nyuma, hakujua ajipambe au asijipambe. Kisimani walimuuliza, "Mumeo hajambo?" Baba alifariki kabla muda haujatimia, na bibi yako alimuosha mama mkwe wake baadaye, na hakuwahi kunena vibaya juu ya baba mkwe wake mbele yangu. Eda ilipokwisha nilimposa. Aliniuliza kama nami, kule Matemwe, ningesema si yeye. Nilimwambia kwamba ningesema ni yeye. Akasema, "Kwa hivyo nimekubali kuolewa nawe, lakini nnamshukuru baba yako." Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Nilikuwa nikienda Matemwe kila mwaka, kwa gari la shamba. Hakuna aliyekuja. Mwosha alipokufa, wanawe walinipa kile kipande, kwa kuwa hawakumjua mwingine aliyeliulizia kaburi lile.

Kimo sandukuni, ndani ya karatasi ya mafuta. Hicho ndicho utakachokiweka. Si chetu, ni amana. Usikifue, usikikate, usimpe mtu kwa huruma. Nenda Matemwe kabla ya Ramadhani ukang'oe magugu, na usiweke jiwe lenye jina. Wakikuuliza u nani wake, sema huna udugu naye. Babu yako hana kaburi. Msomee popote ulipo, kwa jina lake. Na akija mtu kutoka Pemba, au Tumbatu, au Mrima, akasema anamtafuta baba yake au babu yake, mkaribishe, mpe maji, na kipande kiache sandukuni mpaka aseme yeye kwanza.