Managu Kwenye Chupa

Mama mkwe wangu alipokuja Nairobi kutibiwa, kitu cha kwanza alichokataa ni mboga zetu. Nilikuwa nimeketi mbele yake kabisa, lakini alimgeukia mke wangu.

"Mwambie mkwe mboga za huku zinamwagiliwa maji ya mtaro. Siwezi."

Usiku alilala kwa jirani yetu, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu kwetu Waluhya mama halali nyumbani kwa mkwewe. Mchana kutwa alikuwa kwetu, na chakula alikula kwetu. Au niseme alikaa kwetu na sahani mapajani. Alimega tonge, akalizungusha kwenye mchuzi, akatangaza kwamba ameshiba. Na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba zile dawa za sukari zimezwe baada ya chakula, siyo kabla. Mke wangu alikuwa akikusanya vyombo huku machozi yanamlengalenga.

Mimi nilizaliwa hapa hapa Lindi, mtaa wetu wa mabanda Nairobi, kazi yangu ni kutengeneza makochi, na kichwa changu ni kigumu. Nikaapa kwamba huyu mama atakula. Kama shida ni maji ya mtaro, basi nitamkuzia managu, ile mboga ya kienyeji, mbele ya macho yake, kwenye maji safi, bila chembe ya udongo. Nilikuwa nimetazama kilimo hicho kwenye simu hadi nikajiona profesa. Nikaotesha mbegu kwenye vipande vya sponji vilivyobaki kwenye makochi. Zilipochipua nikavipachika vile vipande kwenye midomo ya chupa kubwa za maji, zile zinazoonyesha mpaka ndani, kila mche ukining'iniza mguu wake majini. Maji niliyachanganya na mbolea ya unga. Chupa nikazipanga kwenye rafu kando ya mlango, pale bati la plastiki la paa linapoingiza jua.

Asubuhi mizizi ilipotokea chini ya sponji, nilichelewa kazini. Ilikuwa myembamba kuliko uzi ninaoshonea viti, myeupe, na ilikuwa inajua inakokwenda. Hakuna aliyeifundisha. Nimeishi miaka yote hii nikila mboga na sikuwahi kuona zinavyokunywa. Nilisimama pale mdomo wazi, na sioni aibu kusema nilitaka kupiga magoti.

Jirani wa omena alipita akanikuta hivyo. "Ai, fundi, hapo unafuga samaki ama mboga?"

"Ngoja utaona."

Alichoona ni miche ikiugua. Majani yalianza kugeuka manjano kutoka chini. Nikasema ina njaa, nikaongeza mbolea, ncha zikaungua na kukunjamana. Nikalaumu dawa tunayotia kwenye maji ya kunywa, nikawa nayaacha maji wazi kwenye beseni kabla ya kuyatumia. Hakuna kilichobadilika. Nikalaumu joto la mabati, nikaning'iniza gunia bichi nyuma ya rafu. Kila nilipotoka na kila niliporudi nilizikagua zile chupa, nikaziinua, nikazigeuzageuza kwenye mwanga. Mizizi ilikuwa imegeuka kahawia, na ndani ya chupa ulikuwa umeota ute wa kijani unaoteleza kama bamia. Ukinusa, ni bwawa.

Wakati huo mama mkwe alikuwa akipungua. Gauni lake la kanisani lilimning'inia mabegani. Mchana na jioni tulikula sote pamoja, chumba ni kimoja, mimi kwenye stuli, yeye kwenye kochi nililomtengenezea mwenyewe, magoti yetu yakikaribia kugusana. Nilimtazama kila tonge. Nilitaka nione likishuka.

"Kula, mama. Jikaze kidogo."

"Mwambie mkwe nimeshiba," alimwambia mke wangu, macho sakafuni.

Jumamosi nikaamua kumwaga kila kitu. Nilikuwa na hasira na ile miche kana kwamba imenitukana. Nikamwaga chupa moja baada ya nyingine kwenye mfereji wa nje hadi nikafika ya mwisho, kwenye kona ya rafu. Hapo ndipo mama mkwe alipokuwa akiweka leso yake ya kujitanda kila siku, akifika alfajiri hadi anapokwenda kulala, ameikunja na kuizungushia ile chupa, majani tu yakichungulia juu. Sikuwa nimeigusa wala kuikagua, kwa maana leso ya mama mkwe si kitu cha kushikashika. Nikamwomba mke wangu aiondoe.

Majani yalikuwa ya kijani iliyokolea. Chini yake maji yalikuwa safi, na mizizi imejaa chupa nzima, myeupe, imesukana kama nywele za bibi harusi. Maji yale yale, mbolea ile ile ya mwanzo, jua lile lile juu ya majani. Tofauti ni kwamba mche huu ulikuwa umefunikwa miguu. Mizizi ilitaka giza, nami nilikuwa nimeianika kwenye mwanga kwa sababu nilipenda kuitazama. Mwanga wangu ndio ulioulisha ule ute.

Nikakimbia kuleta vitambaa vyeusi vya kochi, nikaivalisha chupa ile vizuri, nikaotesha mbegu nyingine kwenye sponji mpya. Mama mkwe alikuwa ananitazama kutoka kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

Jioni mke wangu akapakua ugali na mboga ya sukuma ya sokoni, ile ile ya siku zote. Nikavuta stuli yangu mahali pake. Mama mkwe akashika sahani na kuinamisha uso. Nikaitazama ile chupa iliyovaa nguo, nikamtazama yeye, na hapo nikaelewa. Kule kwetu kijijini mama hatafuni mbele ya mkwewe. Nilijua hilo tangu utotoni, ila nilidhani ni mambo ya ushago, na kwamba Lindi chumba ni kimoja, atazoea.

Nikainuka na sahani yangu. Nikatoka kwenye korido, nikashusha pazia la mlango, nikakaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji na kula polepole. Kisha nikasikia kijiko kikikwaruza sufuria, na mke wangu akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama yake afike.

Nilipomaliza nikasimama nirudishe sahani. Mke wangu akatoa kichwa kando ya pazia, mashavu yamelowa.

"Usiingie bado," akaninong'oneza. "Anakula."