Barua Niliipata, na Viti Nikavikata

Barua niliipata. Ndugu wasomaji, naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolikana kwa zaidi ya miaka ishirini, mbele ya kaka yangu, mbele ya wazee wa ukoo na mbele ya mama mmoja asiye na kosa. Niliipokea mkononi, nikaisoma mara mbili, nikaitia motoni.

Nisikilizeni kwanza, halafu mnitukane mtakavyo.

Kwetu ni kando ya Ziwa Nyasa, si mbali na Liuli. Baba yetu alikuwa nahodha wa boti la misheni, boti la alumini, na wenyewe walipoondoka walimwachia. Lilikuwa limenizidi umri, lakini halikuwa na tundu hata moja. Ndani lilikuwa na viti vitatu vilivyokatiza kutoka ubavu hadi ubavu, vimefungwa kwa ribiti, vile vipini vya chuma vinavyogongwa vichwa pande zote mbili. Baba alipofariki lilibaki mali yetu wawili, mimi na kaka yangu, ambaye hapa nitamwita Bosko.

Kaka Bosko goti lake la kulia lilikauka tangu utotoni. Mguu haukukunjika. Wasioujua mtumbwi wa kwetu niwaeleze: ni gogo lililochongwa, mdomo wake mwembamba, unaingiza miguu na kujibana humo magoti yamekunjwa. Mtu wa mguu ule hauwezi. Lakini kwenye boti la baba alikaa kiti cha katikati, mguu ameunyoosha mbele, mshipi mkononi, na mbasa, wale samaki wakubwa wa kwetu, aliowatoa ziwani hakuna mzima yeyote aliyewatoa. Watoto waliomwiga anavyochechemea njiani ndio hao hao waliomkimbilia kumpokea akirudi. Watu wakasahau kwamba boti ni letu sote, wakaliita boti la Bosko.

Jamani, jina hilo lilinichoma! Mimi nilikuwa mpiga kasia tu, nyuma ya mgongo wake.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Kule juu Mbinga wanunuzi binafsi wakaanza kuwalipa wakulima wa kahawa taslimu, na watu wa milimani wenye hela mfukoni walitaka usipa, dagaa wa ziwa letu, kwa magunia. Vijana wenzangu wakawa wanavaa mitumba mizuri na kutembea na redio begani. Mfanyabiashara mmoja wa Mbinga akaniambia ana mashine ya boti, ataifunga kwenye boti letu tubebe usipa na abiria, tugawane. Ila alitazama ndani akasema viti vinakula nafasi ya mzigo.

Nilimwendea kaka nyumbani kwake.

"Kaka, tutoe viti. Tufunge mashine."

"Mimi nitakaa wapi, mdogo wangu?"

"Utakaa juu ya magunia."

"Na mshipi nitautupa nikiwa juu ya magunia?" Alicheka kidogo. "Halafu baba alisema viti ndivyo vinavyoshika mbavu za boti. Ukivitoa litalegea."

"Baba alikufa maskini," nikamjibu. "Wewe unataka ziwa zima lisimame kwa ajili ya mguu wako."

Ndiyo, nilimwambia hivyo! Mkewe alikuwa amekaa pale anachambua mboga, akaacha kuchambua. Kaka alisema anakwenda Maguu, kule milimani, kumwoza binti yake, akirudi tutaongea.

Alikaa huko kama mwezi. Siku moja Mama Anjela, muuza usipa aliyekuwa akipanda na kushuka na malori ya Maguu, akanikuta ufukweni. Huyu ndiye aliyekuwa posta yetu. Barua, hela, hata dawa za wagonjwa, watu wote walimpa yeye na kila kitu kilifika. Akanitolea karatasi iliyokunjwa, akasimama pembeni kungoja kama nina jibu la kurudisha.

Maneno ya kaka ninayakumbuka hadi leo. "Mdogo wangu, nimefikiri sana. Mashine nakubali. Kiti cha mbele toa, cha nyuma toa. Cha katikati usikiguse mpaka nije, nitakitafutia fundi wa kukifupisha mzigo upite. Usinikasirikie."

Mnaona? Alikuwa amekubali! Aliniachia kila kitu, akabakiza kiti kimoja cha kukalia. Mashine ningeipata, usipa ningebeba, na kaka angeendelea na mbasa wake.

Nikamwambia Mama Anjela hakuna jibu.

Sasa niseme ukweli ambao hata padri sijamwambia. Si nafasi ya magunia iliyonifanya nivikate vyote vitatu. Nilijua kabisa kwamba bila kile kiti kaka hatapanda tena boti lile maisha yake yote. Nilitaka liwe boti langu.

Fundi alikuja na msumeno wa chuma na patasi. Kabla hajaanza akauliza, "Mwenyewe yupo?" Nikasema mwenyewe ni mimi. Alizigonga ribiti asubuhi nzima, na kufikia mchana boti lilikuwa tupu. Viti alivichukua yeye kama ujira, maana alikuwa anayeyusha alumini na kusubu sufuria.

Kaka alirudi baada ya siku nne. Alishuka kwenye lori akiwa na kimfuko cha maharage na mto wa kukalia, mto mwekundu, kitambaa kipya kabisa. Binti yake alikuwa amemshonea kwa ajili ya kiti chake cha botini. Hakupita hata nyumbani, alikuja moja kwa moja ufukweni na mto kwapani. Loo! Mto ule! Alisimama akachungulia ndani ya boti muda mrefu.

"Barua yangu hukuipata?"

"Barua gani, kaka?"

Akaitwa Mama Anjela, na wazee wawili wa ukoo waliokuwa hapo wakasogea. Mama wa watu akaapa kwa jina la Mungu kwamba alinipa mkononi. Nami nikamgeukia mbele ya watu wote nikasema, "Mama huyu anauza usipa wa juzi akisema ni wa leo. Leo ndio ataanza kusema kweli?"

Watu wakacheka! Na yeye akanitazama tu, kapu lake kichwani. Tangu siku ile watu waliacha kumpa barua, na hela za kupeleka ndiyo kabisa. Wanawake wenzake wakawa wanahesabu vikombe vyake vya usipa mara mbili.

Mnataka kujua nilifaidi nini? Msimu mmoja haukuisha. Mwera, upepo wa kusini, ulipoanza kuvuma na mawimbi kupanda, mbavu za boti zikawa zinafunguka na kujifunga, kama alivyosema baba. Ribiti zikang'oka moja baada ya nyingine. Siku moja tumejaza magunia, ubavu wa kushoto ukapasuka karibu na ufukwe. Watu tulitoka wazima, mashine ikazama na boti likakunjamana kwenye mawe. Mfanyabiashara wa Mbinga alichukua shamba langu la mihogo kufidia mashine yake. Mabaki ya boti aliyabeba fundi yule yule.

Nilistahili. Lakini kaka je?

Kaka alijaribu mtumbwi mara moja tu. Alikwenda asubuhi, akidhani hakuna mtu, akaazima wa jirani. Mguu ulikataa kuingia, akajilazimisha kukaa ukingoni, mtumbwi ukapinduka kwenye maji ya kiunoni. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa pale, hatua ishirini hivi. Sikwenda kumwinua. Niliinama nikajifanya nafunga kamba.

Baada ya hapo akawa anashona nyavu za watu kivulini kwa jirani. Ujira wake ulikuwa bakuli la usipa. Mtu aliyewazoea mbasa wa urefu wa mkono mzima!

Ajabu ni kwamba hakunisema. Kila Jumapili baada ya ibada alinialika kwake, mkewe akituwekea ugali wa muhogo na mboga, tunakula sahani moja. Nikajua amesahau. Nikanenepa kwa kudhani nimesamehewa.

Mwaka jana akaanza kuumwa kifua. Jumapili moja tukiwa tunakula, akamwambia mkewe alete sufuria yenyewe, isipakuliwe. Akaigonga kwa ukucha.

"Unaijua hii?"

"Sufuria, kaka."

"Ni kiti changu. Nilimfuata fundi siku ile ile, nikamwomba cha katikati akisubu peke yake, asikichanganye na vingine. Nilimpa ndoano zangu zote. Umekula humu kila Jumapili."

Nikaitazama ile sufuria, tonge bado mdomoni.

"Na Mama Anjela aliniambia," akaendelea, taratibu kabisa. "Uliisoma mara mbili, midomo inacheza. Nimengoja miaka yote useme mwenyewe. Sasa mimi naondoka, mdogo wangu. Barua uliipata?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi! Neno moja tu lilitakiwa. Kaka anakufa, mkewe anatutazama, hakuna wa kunifunga wala wa kunipiga. Nami nikameza tonge nikasema:

"Barua gani, kaka?"

Akanawa mikono. Hakunialika tena, na kabla ya mahindi kukomaa tulimzika.

Siku ya kuondoa matanga wazee waligawa vitu vyake. Shemeji akaingia ndani akatoka na ile sufuria, imesuguliwa inang'aa, ndani yake ule mto mwekundu, bado mpya. "Kaka yako alisema hivi ni vyako." Watu wakasema alinipenda sana. Nikaitikia ndiyo, alinipenda.

Iko hapa jikoni. Mke wangu anataka kuipikia, namkataza, haelewi kwa nini.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu uliyemdhulumu naye bado anakualika mezani, usijidanganye kwamba amesahau. Mwambie leo, kabla hajanawa mikono. Usije ukaulizwa mara ya mwisho ukajibu kama mimi.

Na Mama Anjela yu hai. Macho yake hayaoni vizuri, bado anapanga mafungu ya usipa pale pale ufukweni, na bado wapo wanaomwita mwongo. Napita mbele yake kila wiki. Ananisalimia.

Anjela si jina la mwanawe. Nimelibadilisha, la kaka nalo nimelibadilisha, na mhariri nimemwomba langu asiliandike. Kwa hiyo hata mkisoma haya yote pale kwetu mkahisi ni yeye, nitasema si sisi, na ataendelea kuwa mwongo. Ndivyo nilivyo.