Mwalimu wa Mapishi Niliyemchukia

Ndugu zangu mliokuja kliniki leo, mimi ni Baba Elineema. Naziba pancha za malori hapa Hedaru, kando ya barabara kuu. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa chipsi mayai na soda, mchana na jioni.

Ilianza kiu. Nikimaliza chupa ya maji nafungua nyingine, na chooni siishi kwenda. Zahanati wakasema ni kisukari. Walinipa vidonge, wakaniambia nibadili chakula. Mke wangu, Namsifu, akajiunga na darasa la mapishi la video kwenye simu. Mwalimu alikuwa kijana wa kiume, yuko Arusha, ana sauti laini kama mtangazaji wa redio.

Kila jioni namsikia huko jikoni: "Safi sana, Mama Elineema! Umepatia!" Mke wangu anacheka. Mimi hakuwa amenichekea hivyo kwa miaka. Roho iliniuma. Akiniletea makande na mchicha usio na mafuta, namjibu, "Mpelekee mwalimu wako." Kisha naenda zangu stendi kula chipsi.

Siku moja waya wa tairi ukanichoma kidole cha mguu. Sikusikia hata maumivu, kisukari kilishanitia ganzi miguuni. Kikavimba, kikatoa usaha, kikanuka hadi wateja wakasogea mbali. Kwa kinyongo sikumwonyesha Namsifu. Nilifunga kitambaa, nikavaa buti. Nilipoanguka kazini ndipo nikapelekwa hospitali.

"Mzee, kidole hiki hakifai tena," daktari alisema. "Ungechelewa, tungekata mguu."

Wakakikata.

Nikiwa kitandani, simu ya mke wangu ikaita. Ni yule yule mwalimu. Nikaipokea mwenyewe kwa hasira.

"Shikamoo baba, pole sana," akasema. "Mama kila siku anauliza kwa ajili yako tu. Ampikie nini mume wake hata ale?"

"Marahaba," nikasema. Nikamrudishia Namsifu simu yake.

Nilirudi nyumbani nikala alichopika. Kidonda kikafunga, sukari ikashuka. Namshukuru Mungu, madaktari na Namsifu. Nawaomba, kagueni miguu yenu kila siku, na kidonda msikifiche.

Wivu, siwadanganyi, bado ninao. Sasa tunasoma darasa hilo wawili. Juzi mwalimu akaona sahani ya kunde, akaanza kumpongeza mke wangu. Nikaingiza kichwa mbele ya kamera.

"Hizo," nikamwambia, "nimepika mimi."