Burgi Ladinig na Risasi Nyepesi za Mzee Primus

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Mto Drava bado haujaamua kuondoka Ferlach, mji mdogo wa kusini mwa Austria. Unapita kwenye vichochoro vya mafundi bunduki, unapanda hadi kwenye dirisha la karakana moja ya ghorofani, na hapo unakaa. Ndani, Notburga Ladinig, ambaye mji mzima unamwita Burgi, anamimina baruti kwenye kisahani cha mizani. Punje za mwisho anazidondosha mojamoja. Mshale unacheza, unatulia.

"Ukinisemesha sasa hivi nakutoa nje," anasema bila kugeuka.

Mwandishi wa makala hii anarudi nyuma hatua moja. Baruti inashuka ndani ya ganda la shaba kwa mnong'ono, na Burgi anabaki ameinamisha kichwa kana kwamba kuna mtu anamsimulia jambo kutoka chumba cha pili.

Ana miaka sitini na mmoja, na kwa miaka thelathini na minne amekuwa akijaza risasi kwa mkono kwa ajili ya bunduki kubwa za mitutu miwili. Ganda lililokwisha kutumika analisafisha, analirudisha kwenye umbo lake, anapachika kiwashio kipya kitakoni, anatia baruti, kisha anakandamiza risasi yenyewe juu. Kwa kila moja analipwa euro tano, na mwezi ukiwa mzuri anafikisha euro elfu moja na mia nane. Mumewe, Egyd, ni mwoka mikate. Humtania kwamba wote wawili wanaishi kwa kupima unga, ila wa kwake yeye unaliwa.

"Mwambie na wa kwangu haukauki kama mikate yake ukilala," Burgi anajibu.

Tangu Septemba, moyo wake wote uko kwenye bunduki moja. Ni ya Primus Jessernig, fundi wa miaka themanini na mmoja aliyemfundisha kazi. Primus aliitengeneza mwaka 1979 kwa mteja wa mbali, na mteja hakutokea tena. Fundi akaitundika ukutani kwake, juu ya jiko, na hapo imekaa.

"Maisha yangu yote nimepiga bunduki za watu," Primus anasema. "Unapiga, unaenda kuangalia karatasi, unarudi kusugua chuma. Kazi. Hii ndiyo yangu, na sijawahi kuipiga kwa raha zangu hata mara moja."

Sasa jicho lake la kushoto limezimika, na daktari amemwambia la kulia litafuata ifikapo Pasaka. Bega nalo lilivunjika miaka miwili iliyopita alipoteleza kwenye barafu. Risasi ya asili ya bunduki ile ina uzito wa gramu thelathini na saba, na teke lake humrudisha nyuma mwanamume mzima. Daktari amekubali teke dogo, tena lisizidi mara nne kila asubuhi. Burgi akaahidi kumtengenezea risasi nyepesi.

Kuahidi ni rahisi. Mitutu miwili haikai sambamba. Imeegemeana kidogo kuelekea mdomoni, kwa sababu mtutu wa kulia ukifyatuliwa huisukuma bunduki kulia kabla risasi haijatoka, na wa kushoto huisukuma kushoto. Fundi hupiga, hupasha moto lehemu, husogeza mtutu unene wa unywele, hupiga tena, hadi risasi zote mbili zifike mahali pamoja. Hapa Ferlach kazi hiyo huitwa kupatanisha. Na mitutu iliyopatanishwa kwa risasi nzito ukiipa nyepesi inagombana upya: risasi inachomoka mapema, bunduki haijapata muda wa kuyumba, na ya kulia inaangukia kushoto.

"Si ungeyeyusha lehemu tu uipatanishe upya?" mwandishi anauliza.

Burgi anacheka. "Kamwambie mwenyewe tuiyeyushe kazi yake. Ila simama karibu na mlango."

Kwa hiyo alibaki na baruti na uzito wa risasi tu. Alichukua risasi za gramu ishirini na nane, akapunguza baruti zichelewe kutoka, na nafasi iliyobaki ndani ya ganda akaijaza sufi, ile ya mito ya kulalia, ili baruti itulie kitakoni. Alipiga mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha chini ya milima ya Karawanken. Moshi ulining'inia kwenye baridi, naye akawa anausubiri upite kama anayesubiri maziwa yapoe. Mwishoni mwa Novemba, katika mita hamsini, matundu mawili yaligusana. Usiku ule alilala fofofo, akaota theluji inanyesha ndani ya karakana bila kulowesha kitu.

Akamwita Primus. Mzee alikuja na koti lake la kijani na keki ya zabibu kavu. Akapiga kulia, akapiga kushoto. Burgi akaenda kwenye karatasi, akasimama pale muda mrefu kuliko kawaida. Kati ya tundu na tundu kulikuwa na upana wa kiganja, na la kulia lilikuwa kulia kabisa.

"Zimegombana?" Primus aliuliza.

"Zimetalikiana, Fundi."

Mzee hakucheka. Alifuta bunduki taratibu, akasema labda imetosha, macho yenyewe ndiyo haya. Burgi anakiri kwamba alipofika nyumbani alikaa kwenye ngazi bila kuvua viatu. Alijiona mjinga, na alihisi aibu.

Siku tatu hakugusa mizani. Siku ya nne, Egyd alikuwa akila tambi za jibini na mnanaa, naye Burgi akawa anatazama kiti ambacho mumewe alikuwa amekiegemea. Kiti hakikusogea. Egyd ana kilo mia moja na kumi. Alipoinuka na Burgi akakiegemea yeye, kiti kiliteleza kidogo sakafuni.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa Primus.

"Fundi, una kilo ngapi siku hizi?"

"Unataka kuninunua?"

"Jibu bwana."

"Hamsini na saba. Na koti."

Burgi ana themanini na nne. Ameshiba, mabega mapana, na bunduki ikimpiga teke yeye inakutana na ukuta. Kwa Primus inakutana na mzee mwembamba, inamchukua na kuyumba naye. Muda wote huo Burgi alikuwa ameipatanisha mitutu na mwili wake mwenyewe.

"Na ni wewe ulinifundisha hivyo!" alimwambia. "Fundi anapiga, mteja anapokea."

"Mimi nilikuwa nawatengenezea wanene," Primus alijibu. "Maskini hawanunui bunduki."

Kuongeza baruti ili risasi iwahi kutoka kabla mzee hajayumba kungeliumiza bega. Alichoweza ni kushuka zaidi kwa uzito: gramu ishirini na tano, nyepesi kuliko alivyowahi kuijazia bunduki ya aina hii. Na safari hii alikataa kupiga. Alikuwa akijaza risasi nne tu kila siku, anamsubiri Primus uwanjani, anasimama nyuma yake. Asubuhi ya kwanza kiganja kikawa vidole vitatu. Ya pili, viwili. Kila siku punje chache huku au kule, na sufi kidogo zaidi.

Leo ni asubuhi ya tano. Risasi zinapimwa, zinafungwa kwenye leso, zinapelekwa. Kule uwanjani milima haionekani, miguu yake tu ndiyo inayotoka chini ya ukungu. Primus anainua bunduki. Shabaha ni duara jeusi kubwa kama sinia, kwa sababu dogo hawezi kuliona.

Mlio wa kwanza unazunguka bonde na kurudi. Mzee anayumba, anajirudisha. Anapiga wa pili.

Wanatembea pamoja hadi kwenye karatasi, Burgi amemshika mkono. Burgi anaona mara moja.

"Nione nini hapa?" Primus analalamika. "Nyeusi juu ya nyeusi."

"Lete kidole."

Burgi anakishika kidole cha shahada cha mzee na kukiweka. Kidole kinaingia tundu la kwanza, kinatoka, kinatafuta la pili, na hakina safari: ni hapohapo, limeng'ata ukingo wa mwenzake. Primus anarudia. Kulia. Kushoto. Kulia. Halafu anaegemeza paji la uso kwenye ubao wa shabaha na kutokwa machozi waziwazi, na Burgi analia naye.

"Nijazie nyingine mia mbili," mzee anasema hatimaye.

Njiani kurudi, mwandishi anamuuliza Burgi kama anajua hesabu ya siku: Pasaka ni miezi minne tu, na risasi mia mbili ni nyingi kwa mtu wa kupiga nne kwa asubuhi, tena asubuhi zisizo na theluji.

"Najua," anasema Burgi. "Ndiyo maana nitamjazia mia nne, zisije zikaisha kabla ya macho yake."