Vichwa vya Mlangoni

Shemeji yangu, kinyozi mstaafu, alipanda nyasi za mapambo mbele ya nyumba, zile fupi zinazojikusanya kama vichwa vya watoto. Muuzaji alimwonya azikate mara moja tu kwa mwaka, baridi ikiisha, kisha aziache zichanue. Wapi. Kila Jumamosi alitoka na mkasi, akazinyoa, akazipangusa shingoni kwa brashi. Hazikutoa hata ua moja, naye akamlaumu muuzaji.

Mwaka uliofuata dada yangu aliuficha mkasi. Nyasi zikatoa mashuke ya rangi ya fedha, wapita njia wakawa wanasimama kuzitazama. Shemeji akajifungia ndani.

“Mke wangu, umeniaibisha,” alinung'unika. “Mtaa mzima unajua mimi ni kinyozi.”